Ndiva za Mto Vudee

Kabla reli ya Tanga haijafika Moshi mwaka 1911, na kabla Same haijawa makao ya wilaya, Wapare walikuwa na ndiva. Ni bwawa dogo la mawe na udongo, linalojengwa kwenye mteremko ili likusanye maji ya mto usiku na kuyatoa mchana. Mto Vudee unaposhuka kuelekea Bangalala na Makanya hulisha ndiva nyingi, na familia za huko huzijua kama zinavyoyajua makaburi ya wazee wao.

Ndiva ilikuwa ya ukoo. Waliotangulia kuchimba mfereji ndio waliopanga zamu, na mzee wao ndiye aliyesimamia tambiko kabla ya msimu. Mtoto alirithi shamba na zamu ya maji kwa pamoja. Wanawake walizuiwa kukaribia chanzo cha mfereji, ilhali wao ndio waliopalilia mahindi na maharage. Hilo halistahili kusifiwa, hata katika makala ya kumbukumbu.

Kazi yenyewe haijabadilika sana. Jioni tundu la ndiva huzibwa, maji yakaingia usiku kucha. Alfajiri wenye zamu hufika na majembe, tundu likazibuliwa, na mtu mmoja akatangulia mbele ya maji akiondoa majani na kuziba mianya ya pembeni ili maji yasije yakapotelea njiani. Tope likijaa, huitwa msaragambo: kila kaya hutoa mtu, na asiyefika hutozwa faini.

Mengine yamebadilika. Waadventista walifika Mamba mwaka 1903, Walutheri wa misheni ya Leipzig nao wakaeneza makanisa na shule milimani, na matambiko yakapungua. Uchifu ulipofutwa mwaka 1963, wafumwa, yaani machifu wa Wapare, walipoteza mamlaka, na kamati za wakulima zikashika usukani. Baadaye ikaja Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani na vibali vyake. Watu waliomwagilia tangu enzi za mababu wakatakiwa kuomba ruhusa ya kutumia mto uleule.

Huko Bangalala, ndiva ya Manoo ilipanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na sasa huchukua mita za ujazo zipatazo 1,600. Lakini ndiva kubwa haiongezi maji mtoni. Wakulima wa vijiji vya Vudee na Ndolwa wakiyatumia yote huko juu, wa Bangalala hubaki na ukuta mtupu. Ndiyo maana wa juu na wa chini wamekuwa wakikaa na kupatana jinsi ya kugawana mto. Mapatano hayo ya majirani, ambao wengi wao ni ndugu na wakwe, yanastahili heshima kuliko saruji yoyote.

Mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyewe mtoto wa Upare, alikusanya masimulizi ya wazee na kuchapisha historia ya Wapare mwaka 1969. Kitabu hicho kinaishia mwaka 1900. Mengi yaliyofuata katika ndiva hizi bado yamo vichwani mwa wazee. Basi ninyi wenye kwenu Vudee, mtakapopanda mlima kwa ajili ya Krismasi, chukueni daftari. Waulizeni babu na bibi ni nani aliyechimba mfereji wa ukoo wenu, na zamu yake ilikuwa siku gani. Yaandikeni majina hayo, yakiwemo ya wanawake.