Mwandiko wa Kabambare na mikono ya watoto wetu

Wazazi wengi huuliza siku hizi kuna faida gani kumkalisha mtoto akichora herufi katika kaye, ikiwa kesho atashika simu na kuandika kwa kidole gumba. Swali hilo halistahili kudharauliwa. Sisi tunaowaandaa walimu tumeona vema kulijibu kwa kisa cha nchi yetu hii hii ya Kasongo na Kabambare.

Mwezi wa Julai 1870 msafiri Mskoti David Livingstone alirudi Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, akiwa na vidonda vibaya vya miguu. Alikaa huko karibu miezi saba, akitegemea msaada wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa, watu ambao kazi yao aliichukia. Alisoma Biblia (mwenyewe alisema kwamba akiwa Maniema aliimaliza yote mara nne), akaandika. Karatasi zikamwishia, na wino pia. Basi akaokota vipande vya kila namna, na hatimaye akachukua gazeti la Standard la London la mwaka 1869, akaandika juu ya maneno yaliyopigwa chapa. Wino aliutengeneza kwa rangi ya mmea wa huku.

Kurasa hizo alikuwa nazo Nyangwe, kando ya mto Lualaba, tarehe 15 Julai 1871. Siku hiyo watu wa wafanyabiashara walipiga bunduki katikati ya soko lililojaa. Wengi wa waliokufa walikuwa wanawake waliokuja kuuza vyakula. Wengi wao walizama mtoni wakikimbia. Wafanyabiashara wenyewe walikisia waliopotea kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliyashuhudia hayo, akayaandika juu ya gazeti lake. Baadaye aliyanakili katika kitabu chake kikubwa, na nakala hiyo ndiyo iliyochapishwa mwaka 1874, baada ya kifo chake. Kurasa za kwanza zilihifadhiwa Uskoti. Mwaka hata mwaka wino wa mmea ulififia, huku herufi za gazeti zikibaki nyeusi.

Ilimbidi mwanadamu angoje kompyuta. Wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki walipiga picha kila ukurasa mara nyingi kwa mianga ya rangi mbalimbali, hata ile isiyoonekana kwa macho, kisha kompyuta ikazififisha herufi za gazeti na kuuinua mwandiko. Mwaka 2011 kurasa hizo zilitolewa kwa watu wote katika intaneti. Ikaonekana kwamba nakala ya baadaye hailingani kila mahali na maneno ya kwanza. Kwa mfano, yale Livingstone aliyoandika juu ya mwenendo mbaya wa wapagazi wake mwenyewe yalikuwa makali zaidi kabla hajayanakili. Ushahidi juu ya vifo vya mababu zetu ulikuwa umelala chini ya habari za London kwa miaka 140.

Kwa hiyo hatuna ugomvi na mashine. Lakini mashine iliweza kuokoa kile tu ambacho mkono ulikuwa umekiandika. Je, wale wanawake wa Nyangwe? Hatuna hata mstari mmoja wa mkono wao. Na si kwamba kuandika hakukujulikana huku. Wafanyabiashara waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na Tippu Tip, aliyekuwa na nguvu kubwa Kasongo, aliandika hivyo habari za maisha yake, ambazo Heinrich Brode alizigeuza kwa herufi za Kilatini na kuzichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Kalamu ilikuwa mkononi mwa mwenye bunduki, au mwa mgeni.

Leo kalamu iko mkononi mwa mtoto wetu, na biki haihitaji umeme. Kitabu cha ubatizo huandikwa kwa mkono, na orodha ya darasa vilevile. Familia nyingi za Kabambare zimekimbia vita na kuacha kila kitu nyuma. Kwa mtu wa namna hiyo, mstari mmoja katika kitabu cha parokia waweza kuwa ndio ushahidi pekee wa jina na umri wake. Ikiwa n na u zimefanana, Amina atasomwa Amiua, na maelezo yataanza upya mbele ya kila meza.

Enyi vijana mnaosaidia wadogo wenu wakati wa likizo, msiwape adhabu ya kuandika sentensi moja mara mia: mkono uliochoka huharibu. Dakika kumi kila siku zatosha. Waanze kwa kijiti mchangani, herufi kubwa kubwa, ndipo waje kwenye kaye. Wafundisheni pamoja herufi zenye mwendo mmoja: c, o, a, d, g, kisha i, u, t, kisha l, h, b, k. Kalamu ishikwe kwa vidole vitatu bila kuikaba. Anayetumia mkono wa kushoto asipigwe. Mwinamishieni kaye upande wa kuume, basi. Mwisho wa juma kila mtoto aandike jina lake lote, la baba na la mama, tarehe na kijiji alikozaliwa, kisha karatasi ipewe mtu asiyemfahamu, aisome kwa sauti.