Pamba, Mizani na Kitabu: Uhusiano wa Kisomo na Kazi katika Mradi wa Mwanza, 1968–1972

Katika historia ya elimu ya watu wazima nchini Tanzania, suala la kuyahusisha mafunzo na kazi ya kila siku ya mwanafunzi lilijaribiwa kwa vitendo katika mradi wa kisomo chenye manufaa, ulioendeshwa na Serikali kwa kushirikiana na UNESCO kati ya mwaka 1968 na 1972. Makao yake yalikuwa Mwanza, na eneo lake lilikuwa mikoa inayolizunguka Ziwa Viktoria. Insha hii inadai kwamba manufaa ya mafunzo hayo hayapimwi kwa mavuno pekee, bali pia kwa uwezo wa mfanyakazi kulinda jasho lake.

Mradi ulikuwa sehemu ya mpango wa majaribio wa UNESCO uliofuatia mkutano wa mawaziri wa elimu wa Tehran wa mwaka 1965, ambapo ilisisitizwa kuwa kisomo kifungamane na maendeleo ya uchumi. Hivyo, badala ya kitabu kimoja kwa wote, viliandaliwa vitabu kulingana na shughuli za wanakisomo: pamba, migomba, uvuvi, ufugaji wa ng'ombe na maarifa ya nyumbani. Kwa mkulima wa pamba, somo la kusoma likawa papo hapo somo la kilimo bora.

Hata hivyo, kazi ya mkulima haikuishia shambani. Usukumani, mizani ilikwisha kuzua mgogoro mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima walipowatuhumu wanunuzi kuwa wanawapunja, wakaweka wapimaji wao wenyewe. Malalamiko hayo yalichochea ushirika uliozaa Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955. Baadaye vyama vya ushirika navyo vililalamikiwa nchini, hata Serikali ikaunda kamati ya uchunguzi mwaka 1966. Katika mazingira hayo, kusoma uzito na kuhakiki stakabadhi kulikuwa sehemu ya kazi sawa na kupanda na kupalilia. Mpangaji wa uchumi alitafuta manufaa katika kilo zilizoongezeka. Mkulima alikuwa na sababu ya kuyatafuta pia katika kilo zisizopotea.

Mvutano huo haukuwa wa mashambani tu. Agizo la Waziri Mkuu Na. 1 la mwaka 1973 lilihimiza elimu ya wafanyakazi mahali pa kazi, miaka miwili baada ya Mwongozo wa TANU kuwapa wafanyakazi hoja ya kuwahoji viongozi wao. Kiwandani nako, mafunzo yangeweza kulenga tija pekee, au kumwezesha mfanyakazi kuelewa pia mapato na matumizi ya kiwanda chake.

Kwa hiyo, haitoshi kusema kwamba mafunzo yalihusu kazi. Ni lazima kubainisha ni nani aliyeamua kazi hiyo inaanzia wapi na inaishia wapi. Mkulima wa pamba aliijua kuwa inaishia kwenye mizani.