Mtarakwa si Msonobari: Historia ya Majina ya Miti katika Mlima Elgon

Msonobari si mti asilia wa Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Misonobari inayoonekana leo mashariki mwa Uganda ni ya kupandwa, na asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Mzee wa milima hii ni mti mwingine, mtarakwa, ambao wataalamu wa mimea huuita *Juniperus procera*. Katika jenasi yake nzima, ni mtarakwa pekee uliovuka ikweta kiasili. Mkazi wa Wanyange, kando ya ziwa, haukuti msituni kwake. Hustawi juu, hasa katika pande kavu za kaskazini na mashariki mwa Elgon, mlima wenye kimo cha mita 4,321.

Jina lenyewe halikutoka pwani. Wakalenjini husema *tarakwet*, Wamaasai *oltarakwai*, Wagikuyu *mũtarakwa*. Kiswahili kililipokea kutoka bara. Waingereza, kwa upande wao, waliuita mti huu seda ya penseli kwa sababu ya soko lake: wakati wa Wajerumani, mbao zake zilivunwa Shume, Usambara, na kusafirishwa Ulaya. Anayetafsiri jina hilo la kibiashara neno kwa neno huishia kwenye mwerezi, mti wa Lebanoni, na hapo kosa huingia katika nyaraka bila kelele.

Kosa hilo si dogo. Msonobari wa shambani hukatwa baada ya miaka ishirini hivi. Mtarakwa huishi karne kadhaa. Neno "msitu" likitumika kwa yote mawili bila kutofautisha, shamba la mbao huhesabiwa sawa na urithi wa kale. Wabeneti, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikalenjini, wanaijua tofauti hiyo kwa majina. Mwaka 1983 serikali iliwatengea hekta 6,000. Mwaka 1993 Elgon ikawa hifadhi ya taifa. Na Oktoba 2005 Mahakama Kuu, Mbale, ikawatambua kuwa wakazi wa kihistoria wa eneo hilo. Mwaka huohuo, marekebisho ya Katiba yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda. Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya 2003 iliandikwa kwa Kiingereza. Atakayeitafsiri atahitaji kukaa na wazee wa Elgon kabla ya kufungua kamusi.