Redio iliyouliza swali, kisha ikanyamaza

Uzi. Kila kampeni zikikaribia, hoja ya vifaa vya kidijitali shuleni hurudi mezani. Huyu anasema vilifika, yule anasema vimejaa vumbi stoo, nasi huku chini tunatupiana takwimu hadi usiku wa manane. Leo sitaji mtu wala chama. Nataka turudi nyuma, maana hii stori haikuanza 2013.

Mwaka wa 1980 ulianzishwa hapa Kenya mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio, darasa la kwanza hadi la tatu. Pesa zilitoka Marekani kupitia USAID, na Taasisi ya Elimu ya Kenya, ambayo leo ndiyo KICD, ikawa mwenyeji. Vipindi vilikuwa vya nusu saa, siku tano kwa wiki. Wazo lenyewe lilikuwa limejaribiwa Nicaragua kwa somo la hesabu miaka ya 1970.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Hiyo redio haikuwa ya kukunja mikono na kusikiliza. Sauti inauliza swali, halafu inanyamaza. Watoto wanajibu kwa pamoja. Redio inataja jibu sahihi, na kila mmoja anajua papo hapo kama amepata ama amekosa. Kisha wimbo, kisha simama, gusa dawati, onyesha mlango. Mwalimu yuko pale pale akiwaongoza. Redio moja tu na betri zake, na darasa zima liko macho! Mradi ulipopimwa, watoto hao waliwashinda wenzao ambao hawakuwa na vipindi hivyo. Uliisha 1985, na mbinu yake ikabebwa hadi Lesotho.

Ruka hadi 2013. Ahadi ilikuwa laptopu kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Zabuni ya 2014 ikafutwa, laptopu zikageuka tableti, na 2016 ndipo zikaanza kufika. Mwishowe vifaa zaidi ya milioni moja vilipelekwa katika shule zaidi ya 20,000. Tuseme ukweli: kwa sababu ya mradi huo, shule nyingi za msingi za umma ziliunganishwa na umeme. Hilo wakosoaji hulipita kimya.

Lakini wateteaji nao wana lao. Ukiwauliza kuhusu mafanikio wanakupa idadi ya vifaa. Mimi idadi hainitoshi. Tableti inayoonyesha ukurasa wa kitabu ni kitabu chenye taa, basi. Mtoto ataiangalia wiki ya kwanza kwa sababu ni mpya, wiki ya tatu ameshazoea na anachungulia dirishani. Kinachomshika ni kuulizwa, kujibu, kukosolewa pale pale na kujaribu tena. Hilo tulilijua tangu enzi za redio ya betri.

Shule zilipofungwa Machi 2020, masomo yakahamia redioni, kwenye runinga na YouTube. Wenye bando walisoma. Na hata hao, wengi walikuwa wanamtazama mtu akiongea mbele ya ubao. Swali likiulizwa, jibu linafuata kabla mtoto hajafungua mdomo.

Kwa hivyo mwanasiasa akija kwenu na ahadi mpya ya maabara ya kompyuta, ama intaneti, ama hii akili bandia wanayoiimba siku hizi, msimuulize ni vifaa vingapi. Muulizeni: watoto wangapi watagawana kifaa kimoja? Kikiharibika Turkana, nani anakitengeneza na kwa bajeti ya nani? Mwalimu atafunzwa siku ngapi, na nani atarudi kumwona darasani muhula unaofuata? Na mtoto akibonyeza jibu lisilo sahihi, inatokea nini?

Hilo la mwisho ndilo huwa halijibiwi mikutanoni. Walimu mlio humu, mlioletewa hizo tableti: kwenu ilitokea nini?