UKOMUNISTI NA SWALI LA MASHAMBA YETU

Ukikaa na wazee baada ya tarawehe, iwe hapa Suam au kule Kitale na Bungoma, mazungumzo hayakawii kufika kwa mashamba. Nani alinunua, nani alifukuzwa, nani bado anangojea hati. Vijana wachache wanajua kwamba kuna wakati mtu aliyeuliza swali hili aliitwa mkomunisti, na kwamba hofu ya jina hilo ilikuwa imeshaota mizizi mbali sana, huko Marekani.

Hebu tuanze huko. Mwaka 1945 Marekani na Urusi walimaliza vita wakiwa upande mmoja. Machi 1947 Rais Harry Truman akaliambia Bunge lake kwamba lazima Ugiriki na Uturuki zisaidiwe zisichukuliwe na wakomunisti. Mwezi huo huo akaamuru wafanyakazi wa serikali wachunguzwe kama ni waaminifu. Mwaka 1949 wakomunisti wakashika China, na wanasiasa wa Washington wakaanza kulaumiana: nani ameipoteza China? Utadhani China ilikuwa ng'ombe wao! Februari 1950 Seneta Joseph McCarthy akasimama na kudai ana majina ya wakomunisti waliojificha ndani ya wizara ya mambo ya nje. Hakuthibitisha, lakini watu walipoteza kazi kwa tuhuma tupu. Seneti yenyewe ilimkemea Desemba 1954. Yeye akaisha, hofu ikabaki. Rais yeyote aliyemfuata Truman aliogopa kuambiwa na wapinzani wake kwamba amepoteza nchi nyingine. Shika hapo, ndugu yangu, maana ndipo siasa ya nyumbani ilipogeuka kuwa siasa ya dunia.

Hofu hiyo ilifika kwetu na pesa mkononi. Tom Mboya alipokuwa akipeleka wanafunzi Marekani kwa ndege, mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Upande wa pili Oginga Odinga alipeleka vijana Urusi, China na Ulaya Mashariki. Kijana wa Kenya alitaka elimu tu, lakini akirudi aliulizwa amesomea wapi, na waliotoka Mashariki walitazamwa kwa jicho la shaka.

Kisha yakaja mapinduzi ya Zanzibar, Januari 12, 1964. Waliouawa walikuwa maelfu, wengine wakakimbilia Bara na Oman. Washington ilichoogopa ni kisiwa hicho kuwa Cuba ya Afrika, kwa sababu Abdulrahman Babu wa chama cha Umma alikuwa na urafiki na China. Kile kituo cha Marekani cha kufuatilia vyombo vya angani, kilichokuwa Unguja, kikafungwa mwaka huo huo.

Hapa Kenya macho yakageukia kwa Odinga, makamu wa rais. Balozi wa Marekani kuanzia 1964 alikuwa William Attwood, mwandishi wa habari wa zamani. Sitaki kumwonea: Urusi nayo ilikuwa ikitia mkono, na ilisaidia kujenga Taasisi ya Lumumba karibu na Nairobi, ambako makada wa KANU walifundishwa. Lakini ugomvi wenyewe ulikuwa wa nini? Bildad Kaggia, aliyehukumiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta, alisema waliopigania ardhi wasiuziwe ardhi yao kwa mkopo. Serikali ilikuwa ikinunua mashamba ya walowezi kwa pesa zilizokopwa Uingereza na kwingineko, halafu mwananchi analipa. Watu wa Trans Nzoia hawahitaji kuelezwa mambo ya mkopo wa shamba. Mwaka 1965 huko Kandara, Kenyatta alimuuliza Kaggia mbele ya umati: wenzako tuliofungwa pamoja wana mali, wewe umejifanyia nini?

Huku kwetu swali hilo lilitangulia Warusi. Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa, mtu wa Kimilili, aliwaambia Wazungu waondoke kwenye nchi hii tangu miaka ya 1940. Hakuitwa mkomunisti. Aliitwa mwendawazimu, akapelekwa hospitali ya Mathari mwaka 1945, na baadaye akazuiliwa Lamu. Uhuru ulipokuja aliendelea kuingia na kutoka jela. Jina lilibadilika kulingana na hofu ya wakati, lakini swali lilikuwa lile lile.

Mwaka 1965 mambo yalikwenda mbio. Februari 24 Pio Gama Pinto, rafiki mkubwa wa Odinga, alipigwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi. Aprili meli ya Urusi iliyoleta silaha Mombasa ilirudishwa nazo. Mei msafara wa malori yaliyobeba silaha za China kutoka Tanzania kwenda Uganda ulikamatwa Nyanza. Kila mtu akaona njama, ingawa Uganda ilisema mzigo ni wake. Mwaka huo huo serikali ikatoa waraka wa Ujamaa wa Kiafrika, ambao ukiusoma vizuri utaona mali ya mtu binafsi imelindwa barabara. Machi 1966, mkutano wa Limuru uligawa cheo cha makamu wa rais wa KANU kwa watu wanane. Odinga akajiuzulu na kuongoza KPU. Kaggia akamfuata, akashindwa uchaguzi Kandara.

Attwood akaandika kitabu, The Reds and the Blacks, kilichotoka 1967 na kupigwa marufuku Kenya. Hata serikali aliyoiunga mkono haikupenda kusomwa na macho ya Marekani.

Oktoba 25, 1969, Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Urusi. Kukatokea vurugu, polisi wakafyatua risasi, watu wakafa. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini hadi 1971.

Urusi ya kikomunisti ilivunjika Desemba 1991. Hospitali ipo, na wagonjwa kutoka huku magharibi bado hupelekwa huko. Wenyeji waliizoea kwa jina la Russia, lakini siku hizi kibao cha langoni kina jina la Jaramogi Oginga Odinga.