Asthenia ni Unyong'onyevu, Si Uchovu

Karatasi ya maelezo ya sulbutiamini niliyoisoma kwa Kiswahili inaiita dawa hiyo "vitamini ya kuongeza nguvu kwa wenye uchovu na udhaifu". Sentensi ni fupi, lakini haina neno zito hata moja lililokaa mahali pake. Madaktari huiandika dawa hii kwa hali wanayoiita asthenia, na asthenia ilikuwa na jina la Kiswahili kabla kamati yoyote ya istilahi haijaketi. Jina hilo ni unyong'onyevu.

Uchovu una sababu, na una tiba yake. Aliyelima tangu alfajiri amechoka. Aliyetoka Mwanza hadi Dar es Salaam kwa basi amechoka, nasi tunampa pole ya uchovu kwa kuwa tunajua akilala ataamka mzima. Mwenye asthenia hulala na kuamka vilevile. Hakubeba mzigo wala hakukesha, na bado ndoo ya maji inamshinda kuinua. Bibi zetu hawakusema mtu wa namna hiyo amechoka. Walisema amenyong'onyea, kisha wakauliza kama ana homa au ana mimba. Walioona uchovu unatosha hawakuwasikiliza bibi hao, na sidhani kama walimsikiliza mgonjwa.

Udhaifu ni kosa kubwa zaidi. Neno hilo lilitujia kutoka Kiarabu, na katika Kiswahili cha leo limehamia kwenye tabia na utendaji: udhaifu wa hoja, udhaifu wa uongozi. Aprili 2019 Bunge la Tanzania liliazimia kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad, wakati huo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na kiini cha mgogoro ule kilikuwa kauli yake kuhusu udhaifu wa Bunge. Neno ambalo wabunge walilipokea kama dharau halifai kuandikwa kwenye cheti cha mgonjwa. Unyonge nao umeshachukuliwa na majukwaa ya siasa, ambako wanyonge ni maskini na wasio na mtetezi. Maneno ulegevu na utepetevu yanamshtaki mgonjwa kwa uvivu.

Kigiriki chenyewe kinatuelekeza. A- ni kukosa, na sthenos ni nguvu. John Brown, daktari wa Edinburgh, katika kitabu chake cha Kilatini *Elementa Medicinae* cha mwaka 1780, aliyagawa maradhi mafungu mawili, ya nguvu kuzidi na ya nguvu kupungua, na lile la pili ndilo la asthenia. Mwaka 1869 Mmarekani George Beard akaandika juu ya neurasthenia na kulieneza jina hilo. Kitenzi chetu kimekaa vizuri zaidi ya vyao vyote. Nyong'onyea kina umbo la legea, nywea na tepetea, vitenzi vya hali inayomwingia mtu bila yeye kuitenda. Kwa kanuni ileile inayotoa upotevu katika potea, tunapata unyong'onyevu. Mgonjwa ni mnyong'onyevu, na maradhi yanayomtoa nguvu yanamnyong'onyeza. Myasthenia inakuwa unyong'onyevu wa misuli, neurasthenia unyong'onyevu wa neva. Wanaotetea uchovu watueleze wao watasema nini hapo, maana uchovu wa misuli humpata kila aliyecheza mpira.

Hata historia ya vitamini yenyewe imeanzia kwenye kunyong'onyea. Beriberi, ugonjwa wa kukosa vitamini B1, hutajwa kuwa na jina la Kisinhala lenye maana ya kuishiwa nguvu, likarudiwa mara mbili kutia mkazo, jinsi nasi tunavyorudia maneno yetu. Katika miaka ya 1890, huko Batavia ambayo leo ni Jakarta, Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa wakinyong'onyea miguu hadi wakashindwa kusimama. Casimir Funk akabuni jina la vitamini mwaka 1912, akidhani kila kirutubisho cha aina hiyo ni kemikali ya kundi la amini. Mwaka 1926 Jansen na Donath, hukohuko Batavia, wakapata fuwele za B1 kutoka kwenye pumba za mpunga. Ndiyo tiamini, na hiyo "ti" ni ya salfa, kibiriti upele cha wazee wetu.

Sulbutiamini iliundwa Japani miaka ya 1960. Ni molekuli mbili za tiamini zilizounganishwa kwa salfa na kuongezewa vikundi vinavyoiwezesha kupenya mafuta na kufika kwenye ubongo kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo anayeiita vitamini anamwambia msomaji kwamba anakula kitu kisicho na madhara kama chungwa. Anayeiita dawa ya kuongeza nguvu anaiweka pamoja na matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme, na mpita njia anajua ni nguvu zipi. Ingetosha kuandika: dawa iliyotokana na vitamini B1, kwa watu wazima wenye unyong'onyevu. Na iandikwe sulbutiamini, kwa u. Wanaoandika "salbutiamini" wanaisogeza karibu mno na salbutamoli, dawa ya pumu iliyojaa kwenye maduka ya dawa.

Matumizi ya sulbutiamini ni haya: kwa kawaida miligramu 400 hadi 600 kwa siku, asubuhi, isizidi wiki nne, watoto wasipewe, wajawazito wasiitumie, mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka amwambie daktari kwanza, anayetokwa na vipele au kupatwa na wahka aache na arudi hospitali, na kabla ya yote apimwe damu, malaria, sukari na kifua kikuu, kwa sababu ushahidi wa faida ya dawa hii ni mdogo na unyong'onyevu mara nyingi ni dalili ya maradhi mengine.

Nilipolifikisha neno hili kwenye kikao kimoja cha istilahi nilijibiwa kwamba ni refu, ni la vijijini, na lina ng' inayowashinda wageni. Majibu hayo yalinisikitisha, na yananisikitisha hadi leo. Kiswahili hakisanifiwi kwa ajili ya ndimi za wageni, na mtoto anayesema ng'ombe na kung'ang'ania hashindwi na unyong'onyevu. Wapo pia wanaotaka tulikope neno la madaktari, tuseme asthinia tu, tuishie hapo. Kwa majina ya kemikali nakubaliana nao, ndiyo maana nimeandika tiamini bila kusita. Hali ya mwili ni jambo jingine; watu waliihisi na kuipa jina kabla hatujazaliwa. Mgonjwa aliyetoka Namtumbo akiulizwa kama ana asthinia atamtazama muuguzi na kunyamaza. Akiulizwa kama mwili unanyong'onyea, ataeleza ulianza lini, saa ngapi unazidi, na kazi ipi ya kwanza ilimshinda.