Gobore: Bunduki ya Kushindilia

Hili ni gobore, bunduki ya kuwindia iliyotengenezwa kwa mkono. Bunduki za kushindilia zilienea bara karne ya 19 kwa misafara ya biashara kutoka pwani. Ufundi wa chuma haukuwa mgeni hapa mkoani Mara: Waturi, wafua chuma wa jadi, walikuwa wakifua majembe na vichwa vya mishale.

Chungulia mtutu. Ndani ni laini, hauna mifereji ya kuizungusha risasi, hivyo shabaha yake ni ya karibu, kama mita 50. Baruti na risasi hutiwa mdomoni, zikashindiliwa kwa mdeki. Hakuna magobore mawili yanayopiga sawasawa. Mwenye nalo hulijaribu kwa kulenga alama, akaangalia risasi imepiga wapi, ndipo akajua alengeje. Baruti ikizidi, mtutu huweza kupasuka na kumjeruhi mpigaji.

Tunalihifadhi kwa heshima ya ufundi wa chuma na ya wawindaji waliopakana na Serengeti, hifadhi ya taifa tangu 1951. Leo kumiliki silaha bila leseni ni kosa, kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015.

Tafadhali usiguse.